BWANA SHAMBA ANASEMA: Wavu Ndani ya Tumbo la Ng'ombe



Siku ng'ombe akichinjwa kijijini, simama karibu na anayesafisha matumbo. Tazama vizuri. Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne. Chumba cha pili ni kidogo. Kiko mbele, karibu na moyo. Ndani yake utaona vijumba vingi, kama sega la nyuki au wavu wa kuvulia samaki.

Wataalamu hukiita retikulamu. Neno hili limetoka katika Kilatini, lugha ya Warumi wa zamani. Kwa Kilatini, rete ni wavu. Reticulum ni wavu mdogo. Sisi tunasema mlima, na mlima mdogo tunauita kilima. Warumi nao walifanya hivyo hivyo. Jina ni gumu, lakini maana yake ni nyepesi.

Kazi ya wavu ni kunasa. Huu nao hunasa. Ng'ombe hatafuni sana anapokula. Humeza haraka, halafu hucheua baadaye. Kama katika majani mna msumari au waya, humeza pia. Chuma ni kizito. Huangukia katika wavu na kubaki humo. Chumba kinapojikaza, waya hutoboa ukuta wake. Unaweza kufika mpaka kwenye moyo.

Mama mmoja alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Maziwa hayo ndiyo yaliyonunua madaftari ya watoto. Ghafla maziwa yakapungua. Ng'ombe alikataa kula, akapinda mgongo, akawa anaguna akitembea. Mimi nilidhani amevimbiwa tu. Nikamwambia mama angoje. Nilikosea. Alipochinjwa tulikuta waya mrefu kama kidole, umenasa katika wavu. Banda lilikuwa limetengenezwa karibuni, na vipande vya waya viliachwa chini.

Basi fanya hivi:

1. Ukimaliza kujenga, okota misumari na waya zote.

2. Funga mizigo ya majani kwa kamba, si kwa waya.

3. Tairi likichomwa, waya hubaki katika majivu. Zifukie mbali na malisho.

4. Ukiona dalili nilizotaja, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Anaweza kummezesha ng'ombe sumaku, ikashika chuma kisitoboe. Pengine atampasua akitoe.

Leo jioni, kabla ya kumpa ng'ombe wako majani, yapekue kwanza kwa mkono.