Malkia Aachiwe Swali Lake

Imekuwa ada katika miaka hii, mwandishi atakaye kusifiwa kwa ushujaa huichukua hadithi kongwe ya Wahindu, akamtoa malkia mmoja uani, akampa kalamu na kumwambia: haya, sema wewe. Leo ni Draupadi, kesho Sita, keshokutwa Kaikeyi. Na kila kitabu cha namna hiyo kinapotoka, makundi mawili huinuka. La kwanza hulia kuwa dini imetukanwa na mila imeuzwa kwa wageni. La pili hushangilia kuwa hatimaye mwanamke wa kale amepewa nguvu. Makala haya yanayapinga makundi yote mawili kwa hoja moja. Malkia huyu hakuwahi kukosa nguvu. Alichokosa ni jibu.

Tumchukue Draupadi, maana kwake hoja iko wazi zaidi. Msomaji ambaye hajaifuatia Mahabharata na aelezwe kwa ufupi. Yudhishthira, mkubwa wa ndugu watano waitwao Pandava, aliitwa na binamu zake Kaurava acheze kamari ya dadu katika baraza la Hastinapura. Aliyecheza naye alikuwa Shakuni, mjomba wa Duryodhana, bingwa wa hila. Yudhishthira akapoteza mali, akapoteza ufalme, akawaweka ndugu zake mmoja mmoja akawapoteza, akajiweka mwenyewe akapotea. Hapo Shakuni akamkumbusha kuwa bado anaye mke. Akamweka, akampoteza. Draupadi, mke wa ndugu wote watano na malkia wa Indraprastha, akageuzwa mjakazi kwa mtupo mmoja wa dadu, naye yumo ndani wala hana habari.

Mjumbe alipokuja kumwita, malkia hakupiga ukemi. Alimrudisha na swali: akamuulize yule mcheza kamari ni nani aliyepotezwa kwanza, yeye mwenyewe au mkewe.

Na tulizingatie swali hilo, kwa sababu humo ndimo ilimo hadithi nzima. Ikiwa mume alijipoteza kwanza, basi alikuwa mtumwa saa alipomweka mkewe, na mtumwa hamiliki kitu. Vipi ataweka kamarini asichokimiliki? Na ikiwa mume aliyekwisha kuwa mtumwa bado anammiliki mkewe, huo ni umiliki wa namna gani, ambao hata utumwa hauuvunji? Chini ya maswali hayo mawili limelala la tatu, ambalo hakuna mtu barazani aliyethubutu kulitamka: je, mke ni mali?

Yudhishthira alinyamaza. Duryodhana akaamuru mwanamke aje aulize mwenyewe. Dushasana akamburura kwa nywele, naye yumo katika siku zake, amejitanda nguo moja tu. Mbele ya wafalme na wazee akalirudia swali lake. Bhishma, mkuu wa ukoo, aliyehesabiwa kuwa mjuzi wa dharma kuliko wote, akasema kuwa dharma ni jambo la ndani mno na yeye hawezi kulikata shauri hili. Kati ya ndugu zake Duryodhana, mmoja tu, Vikarna, alisimama kusema kuwa malkia hakupotezwa kwa haki. Karna akamkemea, kisha akaamuru malkia avuliwe nguo. Nguo ikavutwa, ikatoka nyingine, na nyingine tena, hata mvutaji akachoka.

Mwisho mfalme kipofu Dhritarashtra, baada ya kusikia ishara mbaya, alimwambia Draupadi aombe atakalo. La kwanza aliomba uhuru wa Yudhishthira, mwanawe asije akaitwa mtoto wa mtumwa. La pili aliomba uhuru wa wale wanne, pamoja na silaha zao. Alipotakiwa aombe la tatu, alikataa. Hata Karna, aliyekuwa amemtukana muda mfupi kabla, alikiri kuwa mwanamke huyu amekuwa chombo kilichowavusha waume zake walipokuwa wakizama.

Haya yote yamo katika matini ya kale. Hayakutungwa na mwanamke wa Marekani wala na profesa wa London. Sasa tuwarudie walinzi wa mila wasemao kuwa kuitazama hadithi kwa jicho la malkia ni ugeni. Ugeni uko wapi? Katika vijiji vya Tamil Nadu Draupadi ni mungu mke mwenye mahekalu yake, na katika sherehe zake waumini hukanyaga makaa ya moto. Mshairi Subramania Bharati alimtungia utenzi mwaka 1912, akiuona unyonge wa India chini ya Waingereza katika unyonge wa malkia aliyeburuzwa barazani. Pratibha Ray aliandika riwaya yake *Yajnaseni* kwa Kiodia mwaka 1984, nayo ni barua ya Draupadi kwa Krishna, iliyoandikwa na mwanamke anayekata roho mlimani. Na huko Chhattisgarh, Teejan Bai, mwanamke wa kabila dogo aliyedharauliwa na kutengwa na jamaa zake kwa sababu ya kuimba, aliitamba hadithi ya Pandava hali amesimama, tambura mkononi, ilhali wanawake wa fani hiyo walizoea kuimba wameketi. Mwaka 2019 serikali ya India ilimtunuku Padma Vibhushan. Je, hao wote ni wageni?

Liko jambo jingine ambalo walinzi hao wangefaa kulitafakari. Wanazuoni wa Taasisi ya Bhandarkar mjini Pune, katika kazi iliyoanza mwaka 1919 na kukamilika 1966, walilinganisha miswada mingi ya Mahabharata ili kupata matini iliyo karibu zaidi na chimbuko lake. Dua mashuhuri ya Draupadi kwa Krishna, ambayo picha, filamu na mahubiri vinaipenda mno, haimo katika matini yao kuu. Iliwekwa pamoja na nyongeza. Swali la dadu limo. Atakaye kulinda ukale, basi na alilinde swali kabla ya muujiza.

Lakini wao huchagua kulinda kimya. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Delhi kiliiondoa katika masomo ya historia insha ya A. K. Ramanujan iliyoeleza wingi wa Ramayana zinazosimuliwa Asia. Mwaka 2021 chuo hicho hicho kiliiondoa hadithi fupi ya Mahasweta Devi iitwayo "Draupadi" katika masomo ya Kiingereza. Baraza la Hastinapura lilishindwa kujibu. Mabaraza ya leo yanamtoa muulizaji nje, yakadhani shauri limekwisha.

Kundi la pili tusiliachie lipite kwa kuwa limekuja na maua. Mwaka 2008 Chitra Banerjee Divakaruni alitoa *The Palace of Illusions*, riwaya ambayo Draupadi anaisimulia mwenyewe, na ambayo imependwa na wasomaji wengi. Mwandishi ana ulimi mtamu, na jumba la ajabu la Indraprastha hatukuwahi kulikaa kama tunavyolikaa ndani ya kitabu hicho. Hata hivyo ametia jambo linalouharibu msingi: amempa malkia mapenzi ya siri kwa Karna, na mapenzi hayo ndiyo uzi wa kitabu tangu mwanzo hadi mwisho. Mara baraza la dadu linapungua. Karna aliyeamuru malkia avuliwe nguo anakuwa mpenzi aliyevunjwa moyo, na dhulma ya umma inakuwa ugomvi wa wawili waliokosana. Msomaji anayefunga kitabu akijiuliza kwa nini wawili wale hawakuoana amekwisha kusahau kuuliza kama mke ni mali. Hivyo ndivyo malkia anavyopewa nguvu: anapewa moyo wa kupenda, ananyang'anywa akili ya kuhoji.

Mpinzani mzito kuliko hao ni Irawati Karve, mwanaanthropolojia wa Pune, ambaye *Yuganta* yake ya Kimarathi ilitoka mwaka 1967 na ikapata tuzo ya Sahitya Akademi mwaka uliofuata. Karve alimpenda Draupadi, na kwa kumpenda akamlaumu. Alisema kuwa kuuliza swali lile lilikuwa kosa: mwanamke anayefanyiwa ukatili wa namna ile hana haja ya kujadili vifungu vya sheria kama mwanachuoni, angelia tu, akaomba huruma na staha, pengine angeokoka mapema.

Hoja hiyo si ya kubezwa. Ni kweli kuwa swali halikumwokoa. Alichokipata mwisho kilikuwa zawadi ya mfalme mwenye hofu, na zawadi ile ilitolewa ili jibu lisitolewe. Lakini tazama huruma ni kitu gani. Huruma ni mali ya mwenye nguvu; huitoa apendapo na huirudisha apendapo, na anayeipokea hubaki na deni la shukurani. Draupadi angelia, angekuwa mwanamke mmoja aliyeonewa, na wanawake walioonewa katika hadithi za kale hawana idadi. Kwa kuuliza, aliwageuza washitakiwa watu wote waliokaa mle ndani, na Bhishma wa kwanza wao. Machozi yangekauka siku ile ile. Swali bado linasomwa, na bado halijajibiwa.

Hata hivyo, nasi tunaomsifu malkia tusimwachie njia nyeupe. Swali lake ni la mwanamke huru aliyekaribia kufanywa mjakazi. Katika jumba lile lile walikuwamo wajakazi waliozaliwa au kununuliwa wakiwa hivyo, na hakuna aliyewauliza walipotezwa lini wala na nani. Yudhishthira alikwisha kuwaweka kamarini maelfu ya wajakazi kabla ya kumfikia mkewe, na dharma ya mtu haikutikisika. Draupadi alipopewa maombi mawili, aliwakomboa waume zake. Wajakazi walibaki walipokuwa.

Sisi wa visiwa hivi hatuna ruhusa ya kulipita jambo hilo haraka. Dikrii ya Sultan Hamoud bin Mohammed ya mwaka 1897 iliondoa utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba, lakini masuria hawakuingizwa. Walihesabiwa kama wake, na kwa hivyo uhuru huo haukuwafikia. Walingoja hadi mwaka 1909. Miaka 12 nzima sheria ilisimama mlangoni ikipima kama mwanamke yule ni mke au ni mtumwa, na kwa kumwita mke ikamwacha utumwani. Asemaye kuwa swali la Draupadi ni la India ya kale peke yake na aisome dikrii hiyo.

Ndiyo maana, kati ya wote waliomsimulia upya malkia huyu, namweka mbele Mahasweta Devi, ingawa katika hadithi yake ya mwaka 1978 hamna malkia hata mmoja. Muna Dopdi Mejhen, mwanamke wa Kisantali anayesakwa na jeshi wakati wa uasi wa wakulima wa Bengali. Anakamatwa, na usiku kucha askari wanamnajisi. Hakuna nguo isiyokwisha inayoshuka kumsitiri. Asubuhi anapopewa nguo avae, anaikataa, anamwendea mkuu wa jeshi hali yu uchi, akamkabili kwa maneno. Na mkuu yule, mwenye bunduki zote, anaogopa mtu asiye na silaha. Mwandishi alilichukua jina la malkia akampa mwanamke asiye na kitu, na swali la barazani likashuka hadi mahali ambapo malkia mwenyewe hakulifikisha. Si ajabu kwamba hiyo ndiyo hadithi iliyotolewa chuoni.

Basi mwenye nia ya kumsimulia malkia wa kale, awe Mhindi au awe mtunzi wa kwetu anayewatazama wafalme wa tenzi zetu, na ajipime kwa mambo mawili. Je, swali la malkia limebaki na makali yake, au limefunikwa kwa mapenzi, upanga na vito? Na je, limemfikia mjakazi aliyeshika taa mlangoni? Kitabu kinachoshindwa katika yote mawili ni pambo, hata kikiuzwa milioni.

Katika safari ya mwisho ya Pandava, wakiupanda mlima kuelekea mbinguni, wa kwanza kuanguka ni Draupadi. Bhima akauliza kosa lake. Yudhishthira akajibu kuwa alimpenda Arjuna zaidi ya wengine, kisha akaendelea kupanda bila ya kugeuka. Kwa hilo hakusita wala hakusema kuwa dharma ni jambo la ndani. Juu ya moyo wa mkewe alikuwa na hukumu tayari. Juu ya swali la mkewe, tangu siku ile ya dadu, hakuwahi kuwa na neno. Anayetaka kuandika na aanzie kwenye kimya hicho.