Tuanze na Biringanya

Ukishuka daladala Kariakoo, hutembei sana kabla hujapita duka la pembejeo lenye mifuko ya urea, na mbele kidogo magunia ya maharage. Watu wa kemia huwa tunapita tu, tukiwaza bumu limeingia au bado. Lakini nyuma ya bidhaa hizo mbili kuna kazi moja: kuchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza amonia.

Kiwandani wanatumia kichocheo cha chuma, joto la nyuzi zaidi ya 400 na mgandamizo zaidi ya mara 100 ya ule wa hewa. Mharage unafanyiwa kazi hiyo na bakteria waliomo kwenye vinundu vya mizizi yake, udongoni, bila tanuru lolote. Nao wana chuma: kwenye kitovu cha kimeng'enya chao kuna atomi 7 za chuma na 1 ya molibdenamu, zimeshikiliwa na salfa. Si bure, inawagharimu nishati nyingi. Mwaka 2003 Yandulov na Schrock wa MIT, Marekani, walionyesha kuwa kampaundi ya molibdenamu iliyotengenezwa maabara inaweza kutoa amonia kwa joto la chumba. Kidogo mno, lakini ilitoa.

Sisi je? Metali za mpito tunakutana nazo mara mbili. Darasani tunakariri rangi zake ili tusile sapu. Mwaka wa mwisho tunapima kromiamu na shaba kwenye mchicha wa Bonde la Msimbazi. Sibezi vipimo hivyo, mchicha wenyewe ndio tunaokula. Ila mtu anahitimu akiijua metali kama sumu tu, hajawahi kuuliza inafanya kazi gani kwenye kiumbe hai.

"Vifaa hatuna." Kwa naitrojeni, sawa, kampaundi zile hazitaki hewa wala unyevu, na vyombo vyake ni ghali kwelikweli. Basi tuanze na biringanya. Likate uliache mezani: linageuka kahawia kwa sababu ya kimeng'enya chenye atomi mbili za shaba. Kuna kampaundi za shaba zinazoiga kazi hiyo ambazo unazitengeneza hapahapa hewani, kwa chumvi ya shaba na ethanoli, kisha unafuatilia kasi yake kwa spektrofotomita ya kawaida.

Mada yangu ya utafiti nimeshaiandika hivyo. Msimamizi akiikataa, narudi Kariakoo kununua mabiringanya, nikamkatie moja mezani kwake.