Shahada ya juu isimtoe mwalimu darasani

Mwaka huu ninamaliza masomo yangu ya isimu ya lugha za Kiafrika, na nyumbani ninaulizwa swali moja tu: uzamili wa nini? Jibu nilikuwa nalo tayari. Nilitaka kuendelea na toni katika vitenzi vya Kisanga, lugha ya bibi yangu. Leo nimebadili nia, na ninaeleza sababu kwa kuwa jambo hili linatuhusu wengi.

Mama yangu mdogo anafundisha darasa la pili huko Katuba. Mwezi uliopita aliniita nimsaidie katika somo la kusoma. Niliandika ubaoni: «Watoto wanacheza.» Mvulana mmoja akasimama, akasoma bila kusita: «Batoto banacheza.» Nikamsahihisha mara ya kwanza, ya pili, hata ya tatu. Akakaa, na hakuinua tena mkono mpaka kengele ilipolia. Wakati wa mapumziko mama mdogo akaniambia: «Ule mutoto alisoma muzuri. Ni weye haukumusikia.»

Alisema kweli. Mtoto alikuwa ameielewa sentensi nzima, akaitoa kwa lugha ya kwao. Juu ya kiambishi ba- katika Kiswahili cha Lubumbashi ningeweza kuandika kurasa kumi. Lakini sikujua mambo matatu ambayo mwalimu huyahitaji asubuhi ile ile: kipi kifundishwe kwanza, kosa gani liachwe kwa leo, na kesho nitapimaje kama mtoto amejifunza.

Mambo hayo yana elimu yake, nayo ni elimu ya mtaala na ufundishaji. Mwaka 1949 Ralph Tyler wa Marekani aliikusanya katika maswali manne: shule inalenga nini, mtoto apitie shughuli zipi ili kufika huko, shughuli hizo zipangwe vipi, na tutajuaje kama lengo limefikiwa. Maswali ni mepesi kuyataja. Jaribu kuyajibu kwa somo moja la hesabu hapa mjini, ambapo kitabu kinasema «sabini na tisa» na mtoto sokoni husikia «septante-neuf». Je, uanze na neno la kitabu au na lile la sokoni? Mwanaisimu peke yake hawezi kujibu, wala mtaalamu wa mtaala asiyeijua lugha ya watoto hao.

Sasa tazama ngazi yetu ya walimu. Mwenye diploma ya D6 hufundisha shule ya msingi. Mwenye graduat huenda madarasa ya chini ya sekondari, na mwenye licence ya zamani huenda ya juu. Akisoma zaidi, huingia ofisini. Yaani kadiri mwalimu anavyosoma, ndivyo tunavyomwondoa kwa mtoto anayejifunza herufi. Na hapo ndipo kazi ilipo ngumu kuliko pengine pote, kwa sababu ndipo mtoto anapovuka kutoka lugha ya nyumbani kwenda Kiswahili cha kitabu, kisha Kifaransa.

Sheria haitunyimi njia. Sheria ya elimu ya taifa ya Februari 2014 inataka lugha za taifa, au lugha za mazingira ya mtoto, zitumike kufundishia. Zaidi ya hayo, wanaisimu wa Zaire walikutana papa hapa Lubumbashi mwaka 1974 katika semina yao ya kwanza. Kwa hiyo wazo si geni. Kilichopungua ni watu wa kuligeuza wazo kuwa somo la Jumatatu saa mbili.

Wenzetu wa Ife, Nigeria, walijaribu. Kuanzia mwaka 1970, chini ya Babatunde Fafunwa, walifundisha darasa la majaribio kwa Kiyoruba miaka yote sita ya shule ya msingi, na Kiingereza kikawa somo. Haikutosha kutangaza lugha. Ilibidi kuandika vitabu, kuunda istilahi za hesabu na sayansi, na kuwaandaa walimu. Lugha na ufundishaji vilikaa meza moja.

Najua majibu yatakayokuja. Wa kwanza atasema hiyo ni kazi ya vyuo vya ualimu, si yetu. Lakini wengi wetu tutaishia kufundisha, tupende tusipende. Afadhali tufundishe tukijua. Wa pili, naye ni baba yangu, anauliza: «Miaka yote hii, halafu urudi darasa la pili?» Swali lake linaniuma, maana ada ameilipa yeye. Wala sitamdanganya kwamba shahada hiyo inaleta utajiri. Ndiyo maana nasema daraja la mshahara limfuate mwalimu na elimu yake, hata akibaki na watoto wadogo. Bila hilo, kila shahada mpya itakuwa mlango wa kutokea.

Kwa kitivo chetu nina maombi mawili. Kwanza, mwanafunzi wa uzamili aruhusiwe kuwa na wasimamizi wawili, mmoja wa isimu na mmoja wa sayansi za elimu, na kazi yake iwe mfululizo wa masomo yaliyojaribiwa darasani, si maelezo ya lugha tu. Pili, tufungue kozi za likizo kwa walimu wa D6 kama mama yangu mdogo. Yeye ana miaka mingi ya kuwasikiliza watoto, nasi tuna maneno ya kueleza anachokisikia.

Toni za Kisanga sijaziacha. Bibi bado yupo, na daftari langu ninalo. Ila ombi langu la uzamili nimeliandika upya. Wiki ijayo ninarudi Katuba, kwa mvulana yule, na safari hii nitaanza na sentensi yake.