KIWANDA KIKIGEUZWA NYUMBA, KIWE NYUMBA YA NANI?

Wapo wanaosifu, bila kupima, mtindo wa kugeuza viwanda vilivyokufa kuwa makazi ya familia. Husifu madirisha mapana na kuta za matofali, lakini hawaulizi swali la msingi: kazi ikiisha, ataishi humo nani?

Mfano wa New York unatosha. Katika mtaa wa SoHo viwanda vilihama baada ya Vita Kuu ya Pili, na majengo yakabaki matupu. Katika miaka ya 1960 wasanii wasio na kitu waliingia humo. Sheria iliwakataza kuishi, bali wenye majengo walipokea kodi yao kimya kimya. Ni wapangaji hao walioingiza mabomba ya maji, majiko na bafu, kwa fedha na jasho lao. Mlangoni walitundika kibao chenye herufi A.I.R., ili wazima moto wajue kwamba mle ndani mna binadamu.

Mwaka 1971 jiji liliwakubalia wasanii kuishi humo kihalali. Mtaa ukapata sifa, kodi ikapanda. Sheria ya kuwalinda wapangaji wa majengo ya namna hiyo ilipitishwa mwaka 1982, wakati wengi wamekwisha kufukuzwa. Leo SoHo ni mtaa wa matajiri. Aliyelima siye aliyevuna.

Mawakili wa soko huria hudai kwamba ndivyo uchumi ulivyo. Huo ni uongo. Mjini Vienna yapo matangi manne makubwa ya gesi, yaliyojengwa na jiji lenyewe kati ya 1896 na 1899. Yalipoachwa kutumika, hayakutupiwa walanguzi. Kuta zake zilihifadhiwa, na kati ya 1999 na 2001 zikajengwa ndani yake nyumba zaidi ya 600, kwa msaada wa ruzuku ya umma, pamoja na bweni la wanafunzi. Reli ya chini ya ardhi ikafikishwa hapo hapo.

Tofauti ya miji hiyo miwili haikuletwa na matofali. Imeletwa na mpango. Kwa hiyo, kabla kiwanda chochote hakijageuzwa nyumba, hapana budi mambo matatu yatangulie: haki ya mpangaji iandikwe, usalama wa jengo ukaguliwe, na gharama za mkazi zihesabiwe kuwa mali yake. Sheria inayofika baada ya mwananchi kufukuzwa haimlindi mtu. Inamwandikia historia tu.