UKURASA WA WAZAZI: Nani analipa yaya?

Mwezi uliopita tuliongea juu ya madaftari, na wengi mlitusimamisha njiani mkasema: walimu, daftari si shida, shida ni mtoto mwenyewe kufika darasani. Ni kweli kabisa. Basi mwezi huu tunashika jambo ambalo sisi walimu wa kujitolea tunaliona kila siku kwenye rejista: watoto wakubwa wa wazazi wenye ulemavu, wanaobaki nyumbani kulea wadogo zao.

Rejista haidanganyi. Kuna msichana wa P5, Jumatatu yuko, Jumanne hayuko, Jumatano anaingia saa nne jua limeshakuwa kali, Ijumaa hayuko tena. Si mgonjwa, na si mvivu, maana siku akiwepo ndiye wa kwanza kuinua mkono. Mama yake haoni. Nyumbani kuna mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye ndiyo kwanza ameanza kutembea, na ninyi wazazi mnajua mtoto wa umri huo. Hata mwenye macho yake mawili anamchosha! Anakimbilia moto, anaokota kila kitu anatia mdomoni, ukimwita ananyamaza kimya. Mama asiyeona atamshikaje? Kwa hiyo dada mtu anabaki. Kuna mvulana mwingine, papa yake alipoteza mguu katika vita na mama alishafariki, yeye anateka bidoni tatu za maji, anaogesha wadogo wawili, ndipo anakuja shule akiwa amechoka kama mtu mzima.

Sisi Wakongo tunasema "yaya" kwa kaka au dada mkubwa. Ukienda Kenya au Tanzania ukisema yaya, watu wanaelewa mtu aliyeajiriwa kulea mtoto, anayelipwa mwisho wa mwezi. Katika nyumba hizi tunazozitaja, yaya wa Kongo na yaya wa Kenya ni mtu mmoja, isipokuwa huyu wetu halipwi. Analipa yeye, kwa masomo yake.

Sasa mtu atauliza: lakini walemavu si wanapata msaada? Tuelewane hapo. Mwaka 2023, WFP hapa Uganda iligawa wakimbizi katika makundi matatu kufuatana na hali ya nyumba, na ulemavu ni moja ya mambo yanayoangaliwa. Halafu mwezi wa tano mwaka 2025, kwa sababu fedha zilipungua, watu milioni 1 wakaondolewa kwenye msaada wa chakula. Nyumba nyingine za walemavu zilibaki kwenye orodha, na majirani wakaanza kuwaangalia kwa jicho lingine, eti wao wana bahati. Bahati gani? Pesa ile ni ya chakula, na chakula chenyewe hakitoshi. Hakuna shilingi iliyoandikwa "hii ni ya mtu wa kukusaidia kulea."

Na sababu moja ya kutokuwepo ni namna maswali yanavyoulizwa. Wengi wenu mmeyasikia yale maswali sita: una shida ya kuona hata ukivaa miwani? Ya kusikia? Ya kutembea au kupanda ngazi? Ya kukumbuka? Ya kujiogesha na kuvaa? Ya kuelewana na watu? Jibu ni moja kati ya manne: hapana, kidogo, sana, au siwezi kabisa. Ni maswali mazuri, yanatumika nchi nyingi, na uzuri wake ni kwamba hayamwiti mtu kilema. Lakini angalieni: yote sita yanauliza mwili wako wewe. Hakuna linalouliza, je, unaweza kumwogesha mtoto mchanga kwa mkono mmoja? Unamsikia akilia usiku? Unaweza kumkimbiza akielekea barabarani? Mama kiziwi anaulizwa kuhusu kusikia, anajibu, anaandikwa, anaenda. Mtoto wake wa miezi mitano hakutajwa popote.

Basi ombi letu ni hili, na ndilo hasa lililotufanya tuandike: ukiulizwa juu ya ulemavu wako, usingoje uulizwe juu ya mtoto. Sema mwenyewe. Taja umri wa kila mtoto, taja ni kazi gani ya kulea huwezi, na taja nani anaifanya sasa. "Mimi sioni, nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu, anayemlea ni binti yangu wa miaka 12, na kwa sababu hiyo anakosa shule siku mbili au tatu kila wiki." Sentensi hiyo moja inabadilisha mambo, kwa sababu hapo si habari ya macho peke yake tena, ni habari ya watoto wawili. Mwombe anayeandika aiandike, na umwombe akusomee alichoandika.

Tunajua kwa nini watu hawasemi. Mama mmoja alituambia wazi: nikisema siwezi kumlea mtoto, watamchukua. Hofu hiyo tunaiheshimu, lakini isikae bila jibu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ni wa mwaka 2006, na Uganda iliuridhia mwaka 2008. Kifungu cha 23 kinasema mtoto asitenganishwe na wazazi kwa sababu ya ulemavu, uwe wa mtoto au wa mzazi. Kifungu hicho hicho kinazitaka serikali ziwape watu wenye ulemavu msaada unaofaa katika kazi ya kulea watoto wao. Someni tena: katika kazi ya kulea. Kwa hiyo ukiomba mtu wa kukusaidia, hujakiri kwamba wewe si mzazi. Unaomba kitu ambacho mkataba umekitaja kwa jina.

Kuna nchi ambako wameweka jambo hili kwenye sheria zao za ndani. Ndugu zetu kadhaa walipelekwa Uingereza kwa mpango wa Gateway, ulioanza mwaka 2004 ukaisha 2020. Upande wa England kuna sheria ya mwaka 2014 juu ya matunzo ya watu wazima. Wakimpima mtu mwenye ulemavu, moja ya mambo wanayopaswa kuangalia ni kama anaweza kutimiza wajibu wake wa kulea mtoto. Akionekana anastahili, halmashauri inaweza kumpa pesa mkononi aajiri msaidizi mwenyewe. Na jambo lililotufurahisha: kwa kawaida pesa ile haimlipi mume, mke wala ndugu wa karibu anayelala nyumba moja na mlemavu, mpaka halmashauri ikubali kwamba ni lazima. Hatuandiki hivi ili mtu aanze kuota Ulaya. Tunaandika mjue kwamba kulea kunahesabika kuwa kazi, tena kazi ya kulipiwa.

Haya, tukirudi hapa kwetu, pesa ya kumlipa mtu itatoka wapi? Tumezunguka kwenye nyumba ambazo zimepata njia, na tumeona tatu.

Ya kwanza ni kununua saa chache tu, si mtu wa siku nzima. Tuchukue mfano: mama anamlipa jirani shilingi 2,000 kwa asubuhi moja, asubuhi mbili kwa wiki. Kwa mwezi wa wiki nne ni shilingi 16,000. Kwa nyumba ya kambini hiyo ni pesa nyingi, tunajua. Lakini ukichagua zile asubuhi mbili ambazo binti alikuwa hakosi kubaki, yaani siku ya kufua na siku ya kwenda kupokea msaada, umemrudishia siku hizo zote shuleni.

Ya pili ni kulipa bila pesa. Nyumba nyingine ina kipande cha shamba ambacho mwenye ulemavu hawezi kulima chote. Badala ya kukiacha kipate majani, anampa jirani alime nusu, na jirani analipa kwa kumwangalia mtoto asubuhi. Mapatano ya namna hii yaandikwe kwenye daftari mbele ya mwenyekiti wa kijiji: kipande kipi, msimu mmoja au miwili, asubuhi ngapi. Bila maandishi, mahindi yakikomaa urafiki unaisha.

Ya tatu ndiyo tunayoipenda sisi. Likelemba mnaijua, kila mtu anatoa pesa na mmoja anapokea kwa zamu. Kuna wamama watano wanaofanya likelemba ya siku: kila mmoja anakaa na watoto wadogo wa wote asubuhi moja. Kati yao yumo mama anayetembea kwa magongo. Yeye hawezi kukimbiza watoto, kwa hiyo siku yake anakaa na wachanga waliolala, anachambua maharage ya wenzake na kusuka nywele. Hakuna anayesema wanamsaidia, kwa sababu na yeye anatoa zamu yake.

Mtoto akifika miaka 3, mpelekeni chekechea, hapo mzigo unapungua nusu. Shida kubwa ni kuanzia kuzaliwa mpaka hapo.

Tahadhari mbili. Usimchukue mtoto wa mwingine wa shule awe yaya wako, maana utakuwa umehamisha shida kutoka rejista moja kwenda nyingine. Na msaidizi asishike karatasi zako za ukimbizi wala kadi ya chakula. Kama huwezi kwenda kupokea mwenyewe, omba ofisini mtu wa pili aandikwe rasmi kwa jina lake. Tumesikia ya wasaidizi waliogeuka kuwa wenye nyumba, mlemavu anaomba sabuni ndani ya pesa yake mwenyewe! Likitokea, mwambie mwenyekiti au piga ile simu ya bure ya malalamiko. Asiyesikia aende na mtu anayejua lugha ya alama, na asiwe yule yule msaidizi.

Kila Jumamosi kuanzia saa tatu tunakaa darasa la P3 kuandika barua za wazazi wanaotaka kueleza hali yao. Ni bure. Njoo na karatasi ya familia na umri wa watoto wote. Asiyeweza kufika amtume jirani, tutamfuata nyumbani baada ya masomo. Ila yule binti wa miaka 12 msimtume siku za shule, tutamwuliza kwa nini hayuko darasani.