Jalada la Mirathi Lililobaki Kilosa: Tuulize Wapi, na kwa Nini Tuulize



Ndugu zetu, swali hili hutufikia kutoka Unguja na Pemba kwa majina tofauti, lakini kisa ni kimoja. Mzee alivuka kwenda Bara ujanani, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Kilosa na Kimamba, au akafungua duka Mikumi kando ya barabara ya Iringa. Akaoa huko na kuzaa huko, na huku visiwani aliacha watoto wengine. Akafariki. Habari zikaja kwa simu, khitma ikasomwa, kisha ndugu mmoja akasema: "Mirathi imeshafunguliwa mahakamani, msiwe na wasiwasi." Miaka ikapita. Sasa familia inasikia shamba limeuzwa, na inauliza: tuna haki gani, na je, hilo jalada tunaweza kuliona?

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Jalada la mirathi si siri ya msimamizi. Mrithi ana haki ya kwenda katika mahakama iliyotoa usimamizi, kuomba kulisoma, kuomba nakala, na kuhoji yaliyomo. Aliyeteuliwa kusimamia mirathi si mmiliki wa mirathi, na ushahidi wa jambo hilo umo ndani ya jalada lenyewe.

Kwa nini jambo hili limekuwa zito sasa

Ardhi ya Kilosa si ile ya zamani. Reli mpya ya kisasa inapita wilayani humo, na treni zake zimekuwa zikibeba abiria hadi Dodoma tangu mwaka 2024. Serikali imefuta hati za mashamba makubwa kadhaa yaliyotelekezwa, na ardhi hiyo ikagawiwa upya. Wilaya hii pia inajulikana kwa migogoro mikali ya wakulima na wafugaji. Mwezi wa Disemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni. Mahali ambapo ardhi inagombaniwa kiasi hicho, mwenye karatasi husikilizwa kabla ya mwenye haki asiye na karatasi. Yatima aliyeko Pemba, ambaye jina lake halimo katika orodha ya warithi, ni kama hayupo.

Jalada liko wapi

Hapa ndipo familia nyingi za visiwani hupotea, kwa sababu mfumo wa Bara si kama wetu. Zanzibar mirathi ya Muislamu hupelekwa Mahakama ya Kadhi, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ina sehemu yake. Bara hakuna Mahakama ya Kadhi ya dola. Ziliondoka katika mageuzi ya mahakama ya mwaka 1963. Sheikh au baraza la masheikh wanaweza kuwasuluhisha warithi na kuwapigia hesabu ya mafungu, lakini benki na ofisi ya ardhi hazitabadilisha jina kwa karatasi hiyo peke yake. Zinataka hati ya usimamizi iliyotolewa na mahakama.

Mahakama inayohusika zaidi ni Mahakama ya Mwanzo, ambayo ndiyo iliyo karibu na wananchi. Kwa mujibu wa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984, mahakama hii husikiliza mirathi pale inapotumika sheria ya Kiislamu au ya kimila. Kinachotazamwa ni mahali alipokuwa akiishi marehemu alipofariki, si mahali lilipo shamba. Kwa hiyo, kama mzee alikuwa mkaazi wa Mikumi, anzeni na Mahakama ya Mwanzo inayohudumia Mikumi. Kama alikuwa akiishi Kilosa mjini au Kimamba, anzeni na ile ya eneo hilo. Na kama alikuwa mkaazi wa Unguja na shamba tu ndilo lipo Kilosa, msipoteze nauli kwanza; anzeni kuuliza huku huku.

Likikosekana hapo, msikubali haraka neno "jalada halipo". Ulizeni: lilikwenda rufaa? Shauri likikatiwa rufaa, jalada huitwa juu. Kutoka Mahakama ya Mwanzo hupanda Mahakama ya Wilaya ya Kilosa, na kutoka hapo Mahakama Kuu. Zamani rufaa za Morogoro zilikwenda Mahakama Kuu Dar es Salaam. Sasa Morogoro ina Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, kimojawapo kati ya sita vilivyozinduliwa Oktoba 2021, na humo Mahakama Kuu inakaa. Kwa hiyo rufaa ya miaka ya nyuma huenda ikawa Dar es Salaam, na ya karibuni ikawa Morogoro.

Hukumu za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani husomwa bure katika tovuti ya TanzLII. Mtu aliyeko Chake Chake anaweza kutafuta jina la marehemu kwa simu yake kabla ya kupanda boti. Lakini majalada ya Mahakama za Mwanzo msitarajie kuyakuta humo. Hayo hufuatwa masijala.

Tofautisheni pia mirathi na mgogoro wa ardhi. Kama watu waligombania mpaka au umiliki, shauri huenda lilisikilizwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo lilianzishwa chini ya sheria ya mwaka 2002 na lina masijala yake mbali na Mahakama ya Mwanzo. Familia inaweza kuwa na majalada mawili katika majengo mawili, na kila karani akasema kweli kwamba kwake lile jengine halipo.

Kutafuta bila namba ya shauri

Kila shauri lina namba na mwaka. Mwenye namba hiyo amemaliza nusu ya kazi. Asiyekuwa nayo anaweza kuipata kwa njia hizi:

Kwanza, ofisi ya ardhi. Kama shamba au nyumba imehamishwa jina, aliyehamisha alipaswa kuonesha hati ya usimamizi, na hati hiyo ina namba ya shauri. Kwa ardhi ya kijiji, ulizeni ofisi ya kijiji na ofisi ya ardhi ya halmashauri.

Pili, benki au mfuko wa pensheni. Kama marehemu alikuwa na akiba au mafao na yakalipwa, waliolipa walipokea nakala ya hati hiyo hiyo.

Tatu, daftari la mashauri pale mahakamani. Karani anaweza kulipitia kwa mwaka, kwa hiyo pelekeni jina kamili la marehemu kama lilivyo katika cheti cha kifo, pamoja na majina mengine aliyokuwa akiitwa. Mzee anayejulikana kwao Pemba kwa jina la babu yake huenda Kilosa aliandikwa kwa jina la utani au la kazi.

Mkishajua pa kuuliza, andikeni barua kwa Hakimu Mfawidhi. Elezeni nyinyi ni nani kwa marehemu, taja namba au mwaka wa shauri, na mnachoomba: kulisoma jalada, nakala ya hati ya usimamizi, ya orodha ya mali, ya hesabu, au ya mwenendo mzima wa shauri. Ambatanisheni cheti cha kifo, kitambulisho, na cheti cha kuzaliwa au cha ndoa kinachoonesha uhusiano wenu. Bakini na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mkitakiwa kulipa ada, lipeni kwa namba ya malipo ya serikali na mchukue risiti. Pesa ya mkononi isiyo na risiti ni mlango wa rushwa, na rushwa ni haramu kwa mtoaji na mpokeaji. Asiyemudu wakili awatafute wasaidizi wa kisheria wa wilaya, ambao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Mambo matano ya kuyasoma ndani ya jalada

La kwanza ni muhtasari wa kikao cha familia, ambao kwa kawaida hupelekwa pamoja na maombi. Someni majina na saini. Je, watoto wa visiwani wametajwa? Je, kuna saini ya mtu ambaye siku hiyo alikuwa Wete na hakuvuka bahari?

La pili ni sheria iliyotumika. Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, ambao ni wenyeji wa Kilosa, kwa mila zao za asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mirathi ya Muislamu ikifunguliwa kwa mila, mgao unaweza kwenda kwa watu ambao faraidh haiwatambui, na watoto wa kuwazaa wakaachwa nyuma. Kwa hiyo angalieni kama maombi yanasema marehemu alikuwa Muislamu na kwamba mirathi yake ifuate sheria ya Kiislamu.

La tatu ni hati ya usimamizi yenyewe, Fomu namba 4: imetolewa kwa nani na tarehe gani.

La nne ni orodha ya mali na madeni, Fomu namba 5. Kanuni za mwaka 1971 zinamtaka msimamizi aiwasilishe ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, isipokuwa mahakama imemuongezea muda. Linganisheni na mnachokijua. Shamba lililokuwepo, nyumba, ng'ombe, duka: vyote vimo?

La tano ni hesabu ya mgao, Fomu namba 6. Hapa ndipo panapoandikwa nani kapata nini. Kama jina lenu limo na mbele yake pana saini ya kupokea ambayo hamkuiweka, mmeshaupata msingi wa malalamiko yenu. Na kama fomu hizi mbili hazimo kabisa, hilo nalo ni jibu: msimamizi hajatoa hesabu, na mahakama inaweza kumuita aitoe.

Muda haungoji

Mrithi anaweza kuiomba mahakama ile ile ifute usimamizi uliopatikana kwa udanganyifu, au unaotumiwa kinyume na maslahi ya warithi. Kukata rufaa kwenda Mahakama ya Wilaya ni ndani ya siku 30. Mahakama ya Wilaya inaweza pia kuliita jalada na kulikagua, lakini si baada ya miezi 12 tangu shauri lilipomalizika. Na Mahakama ya Rufani imeshaeleza kwamba msimamizi akishamaliza kazi yake na kuwasilisha hesabu, hakuna tena usimamizi wa kufuta. Kwa hiyo anayesema "tusubiri mwaka mwengine, ni ndugu yetu" huenda anasubiri mlango ufungwe. Waliochelewa wasikate tamaa, lakini wapate ushauri wa mwanasheria kabla ya hatua yoyote, na ushauri huo hautakuwa na maana bila nakala za jalada mkononi.

Upande wa dini

Wapo wanaoona haya kuuliza. Wanasema kumdai hesabu ndugu ni kukata udugu, na kunyamaza ni subira. Tunaona hapa pana kuchanganya mambo. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Suratun Nisaa, aya ya 6, inamtaka mlezi wa mayatima aweke mashahidi siku anapowakabidhi mali yao. Ikiwa mlezi muaminifu ametakiwa awe na mashahidi, basi kuomba kuona hesabu si tuhuma. Ni kumsaidia msimamizi mwema atoke katika amana yake akiwa safi, na kumzuia aliyeteleza asizidi kula cha wenzake.

Mtu mzima anaweza kusamehe fungu lake. Hawezi kusamehe la yatima, wala la mjane ambaye hakuulizwa. Na madeni ya marehemu hutangulia mafungu yote. Kama mzee alikuwa na deni Mikumi na halikuandikwa, warithi wa Unguja waliopokea mali nao wajitazame.

Tunausia pia adabu. Jalada lina majina ya watoto, ndoa na aibu za watu. Msilipige picha na kulirusha katika magrupu ya WhatsApp. Lisomwe na wanaohusika, kisha familia ikutane kwanza na msimamizi, kwa upole, karatasi zikiwa mezani. Mengi hutengemaa hapo. Yasipotengemaa, mahakama ipo.

Na tulio hai tuanze na nafsi zetu. Mwenye mali Bara na watoto pande zote mbili aandike leo: ana nini, kiko wapi, anadaiwa na nani, na watoto wake wote ni kina nani, bila kumficha hata mmoja. Karatasi hiyo itawaondolea watoto wake safari ya kutafutana masijala.

Wallahu a'alam.