Tusiharakishe Kumtaja Mwenye Hatia



Mtoto akianza kutoa damu aendapo haja kubwa, huku kwetu Bangboka swali la kwanza huwa lile lile: nani amemroga? Sisi tunaofundisha dini tumelisikia hata katika nyumba za Wakristo, na yatupasa kuungama kwamba mara nyingine tulinyamaza. Kabla ya juma kwisha, jina la mtu limekwisha kutajwa, na kwa kawaida ni la mjane au mzee asiye na wa kumtetea. Ndiyo maana leo twapenda kuwasimulia uchunguzi uliofanyika karibu nasi.

Yakusu iko kando ya mto Kongo, chini kidogo ya Kisangani. Mwaka 1920 alifika huko daktari Mwingereza wa misioni ya Wabaptisti, Clement Chesterman. Katika kinyesi cha wagonjwa yalionekana mayai ya mnyoo wa kichocho, ugonjwa ambao wengi wetu huuita bilarziozi. Mayai hayo yalikuwa na mwiba nchani, kama yale ya kichocho cha mkojo. Lakini haya yalitoka katika kinyesi. Ingekuwa rahisi kusema kwamba ni ugonjwa unaojulikana tayari. Chesterman aliandika habari hiyo mwaka 1923. Ni mwaka 1934 tu ambapo mtafiti Fisher, aliyeuchunguza ugonjwa huo katika wilaya ya Stanleyville, alitangaza kwamba mnyoo huo ni wa aina ya pekee, akauita Schistosoma intercalatum.

Miaka kumi na mmoja ilipita kabla ya kulipata jina la mnyoo. Sisi jina la mchawi hulipata kwa usiku mmoja.

Mnyoo huu huishi kwa kutegemea wenyeji wawili: mtu na konokono wa maji baridi. Mtu akijisaidia mtoni au kando yake, mayai huingia majini na kuanguliwa. Kijidudu kinachotoka hakina budi kumpata konokono wake upesi, kwa maana uhai wake ni wa saa chache. Ndani ya konokono huongezeka kwa muda wa majuma kadhaa, kisha hutoka vijidudu vingine kwa maelfu, ambavyo hupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayeloweka muhogo. Mwilini hukua na kuwa minyoo. Mayai yake huumiza utumbo, na damu huonekana.

Wengine watatuuliza: wote twaingia katika kijito kimoja, mbona ameugua huyu peke yake? Swali hilo ni la haki, na lina jibu. Si yeye peke yake. Wengi wana minyoo hiyo bila kuhisi lolote. Anayeumia zaidi mara nyingi ni yule aliyeingiwa na minyoo mingi, na watoto, ambao hucheza majini kwa saa nyingi, ndio walio katika hatari kubwa.

Basi, mnyororo huu haumpitii mjane wa jirani. Unapita katika kinyesi chetu sisi sote, nao waweza kukatwa. Choo huyazuia mayai yasifike majini. Dawa ya praziquantel huiua minyoo mwilini. Maji ya kuogea yaliyochotwa na kuwekwa siku mbili katika chombo kisicho na konokono hayana tena nguvu ya kuambukiza, ingawa hayo hayajawa salama kunywewa.

Bwana wetu alipoulizwa habari za mtu aliyezaliwa kipofu, alikataa kumtwika hatia mgonjwa au wazazi wake; akamponya. Nasi twawaomba ninyi vijana mfuate utaratibu huo. Mkisikia kwamba mtoto anatoa damu, wasindikizeni wazazi wake hadi kituo cha afya, kinyesi kipimwe. Jumamosi ya kazi, chimbeni choo kwa ajili ya nyumba isiyo nacho. Na kama jina la mtu limekwisha kutajwa, nendeni mkaketi naye uani mchana kweupe, watu wote wawaone.